Filta Hukazwa kwa Mkono

Shikamoo Baba. Usiwashe gari! Oili imemwagika uani.

Jana nilibadilisha filta ya oili tu, maana ile ya zamani ilipigwa jiwe njia ya Kinole na oili bado ilikuwa mpya. Nikaikaza kwa mkono, kama inavyotakiwa. Leo asubuhi ukamwita jirani Geofrey aje kukagua kazi yangu. Kaikaza kwa spana zetu mpaka mpira wa filta unaozuia oili umekatika! Na kwenye mahafali yangu ya ufundi magari ulicheza mpaka ukalowa jasho. Ulikuwa unashangilia nini?

Chai ipo kwenye chupa. ~~Mwambie Geofrey aje afute oili yake.~~ Asikanyage hapa.

Nimefuata filta nyingine Msamvu. Nitaifunga kwa mkono huuhuu usiouamini. Spana zote nimeondoka nazo.

Binti yako, Scholastika