Tairi la Kashata

Jumatatu, 11 Aprili 1994

Hujambo Salima mwanangu. Hujambo Ashrafu mjukuu wangu uliyelala hapo na kidole mdomoni. Hujambo baba Salima huko Kiongoroni kwenye mikoko yako. Kuku hawajambo, bata aliyebaki hajambo. Mimi sijambo, ila moyo.

Jamani, najisalimia mwenyewe! Daftari ni langu, hakuna wa kulisoma. Lakini kisomo cha watu wazima walitufundisha barua tu. Kalamu yangu bila salamu haiendi.

Basi. Salima kaanguka tena. Goti limechubuka, sare imejaa tope. Zahanati ya Kibiti wamemweka kwa majaribio, na bwana mkubwa kashasema: ukichelewa tena, baki kwenu Ruaruke. Baiskeli yenyewe ndiyo ile ya mbio baba yake aliyoitoa mitumba ya Dar. Magurudumu membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Watoto wanamwimbia njiani, "Salima kapanda kondoo!"

Usiku akala kidogo, akasema, "Mama, mvua hizi zitaniua. Nitapanga chumba Kibiti. Ashrafu nitakwenda naye."

Nilikoroga uji ulioiva zamani.

Jumanne, 12 Aprili

Fundi Kondo kalizungusha gurudumu, kacheka. "Mama Salima, hili kipara! Hata changu kina nywele. Tafuta tairi lenye kashata."

Nikamwuliza, kashata za nazi au za karanga? Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kashata ni yale makunyanzi ya mpira yanayoshika njia. Umri huu wote sijui!

Mfaume jirani anakwenda Kibiti kesho na machungwa yake. Nitamwagiza.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua kubwa. Mfaume kapita mbio, nikampa kipande cha kamba cha kipimo, nikampigia kelele, "Tairi la kashata!" Akaitikia, "Haya, shemeji!"

Karudi jioni. Tairi moja, laini kama kipara cha Kondo. Na kifurushi cha kashata za nazi.

— Mfaume, nini hiki?
— Si ulisema tairi na kashata? Nikajua za mjukuu.

Nilitaka kulia, nikacheka. Ashrafu kala mbili, tatu kazificha chini ya mkeka, sisimizi wamejaa. Salima hakucheka. Katazama tairi, katazama mlango.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo nimekwenda mwenyewe. Nimedandia lori la mbao, nimeshuka kiuno si changu.

Duka la Sharifu limejaa matairi mpaka darini. Zamani duka la kijiji likipata tairi ni lile lile, kwa kibali, ukipata unashukuru Mungu na kuondoka. Siku hizi ruksa kila kitu — na mimi nimesimama pale kama mbuzi sokoni. La Kichina, la Kihindi. Jembamba, nene. Kashata za mistari, kashata za mabonge. Zamani akikosea mwenye duka. Sasa nakosea mimi!

Sharifu kauliza, "Binti anapita wapi, mama?" Nikasema, kwenye mvua. "Mvua si njia, mama. Lami? Mchanga? Tope?" Nikasema vyote, kuna na lile bonde la udongo mweusi. Akanipa la mistari, eti maji yanapita mle, na ile ya mbio uma wake, pale gurudumu linapokaa, ni mwembamba. Nikaona ananisukumia lililomdodea.

Nikalishika la mabonge. Kama mgongo wa mamba! Nikasema moyoni, hili likishika, mwanangu haanguki. Asipoanguka, hahami.

"Lataka nafasi hilo," kasema Sharifu. Nikasema nifungie.

Jumapili, 17 Aprili

Kondo kalitia kwa kulisukuma. Linapita kwenye uma, lakini kidole hakipiti. "Njia kavu, sawa," kasema. Nilisikia "sawa."

Jumatatu, 18 Aprili

Alhamdulillahi! Jua siku nzima. Salima karudi kabla ya alasiri, anacheka tangu njiani. "Mama, linang'ata! Mchangani limepita kama trekta!" Kambeba Ashrafu kwenye bomba, wamezunguka nyumba, bata kakimbilia jikoni. Habari ya chumba hakuitaja. Nami sikuitaja. Nilipika wali wa nazi.

Jumanne, 19 Aprili

Mvua tangu usiku. Katoka alfajiri kajifunika nailoni. Nimesema, nenda polepole. Kasema, "Mama, si umenipa mamba?"

Magharibi imepita. Hajarudi. Ashrafu kaniuliza mara ngapi sijui. Nimemwambia mama yuko kazini. Mungu wangu.

Jumatano, 20 Aprili

Mfaume kaja sasa hivi kutoka Kibiti na habari. Mzima! Hajavunjika. Hajaanguka hata.

Ila tope. Bondeni udongo mweusi ulijaa kwenye zile kashata, ukashona mpaka kwenye uma. Gurudumu likagoma. Halizunguki mbele, halizunguki nyuma. Kachokoa kwa kijiti, hatua mbili, limegoma tena. Kavua viatu, kaibeba baiskeli begani mpaka lami. Mfaume anasema watu walimtania, "Leo kondoo kampanda Salima!" Kafika saa nne. Bwana mkubwa kamtazama tu.

Kalala kwa Rukaiya, mwenzake wa kazini. Rukaiya ana chumba cha pili.

Nimeuliza, amesemaje juu yangu? Mfaume kajikuna. "Hana neno, shemeji. Kasema mama alichagua kwa mapenzi." Afadhali angenitukana.

Kisha Mfaume kasema ametumwa na Salima. Nimpe Ashrafu na nguo zake.

Nimekunja kikanzu, na kaptula ya buluu. Nimezitoa. Nimezikunja tena. Mfaume yuko barazani anakohoa, lori litamwacha. Mtoto kashika shuka langu, anauliza Mfaume anangoja nini.

Nimemfuata na mikono mitupu. Nimemwambia, nenda hivyo hivyo, umwulize kwanza — anataka nguo za kubadili, au nguo zote? Nami niletee jibu leo hii, Mfaume, hata kama mvua inanyesha.