Mafua ya Kornel

Jumamosi, 12 Julai 2025

Mume wangu Kornel kashuka mlimani na mafua. Anasema watalii anaowapandisha walikuwa wanapiga chafya tangu kambi ya kwanza. Mwanaume anayebeba watu mgongoni wakizidiwa — leo kikombe cha chai kinamshinda! Kajifunika mablanketi sebuleni, anaomba uji kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Nimecheka mpaka tumbo langu la miezi saba likakaza.

Jumapili, 13 Julai

Sijui nani kampigia mama mkwe. Asubuhi hii kafika kwetu Soweto, hapa mjini, kutoka kijijini Kirua Vunjo na mkungu wa ndizi, maziwa mgando na kuku hai. Nikamwamkia kwa mbali: shikamoo Mama, usiingie. Ana sukari, na moyo unamsumbua. Kornel naye akakohoa kutoka ndani kwamba arudi nyumbani. Mama akajibu kwamba kamzaa mwenyewe, hawezi kumwogopa. Kaingia!

Tumemvalisha barakoa. Anaivuta kidevuni kila akitaka kusema, na anataka kusema muda wote. Ila mtori wake wa ndizi — mtamu ajabu.

Jumanne, 15 Julai

Kornel mzima kabisa, kashaanza kujisifu. Mimi nakohoa. Kahoma kadogo. Wote tunamlinda Mama: asikae karibu na mimi, ale kwa wakati, apime sukari. Mwenyewe yuko fiti, anapalilia bustani ya jirani bila kuombwa.

Jumatano, 16 Julai

Mwili unauma hadi nywele. Violet, rafiki yangu wa duka la dawa kule Pasua, kaniambia niende hospitali leo leo. Nikamwambia ni mafua tu, yale yale ya Kornel.

"Kornel anapumua peke yake," akasema. "Nyie mnapumua wawili."

Nimemwahidi kesho.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshindwa kumaliza kuoga. Pumzi haifiki. Mama kajifunga kitenge, kaita bajaji.

Hospitali wameniingiza kijiti cha kipimo puani, wakanibana kidude cha kupima oksijeni kidoleni. Daktari ni binti mdogo kuliko mimi. Kaeleza kwamba influenza huwalemea zaidi wazee, watoto wachanga, wenye sukari, pumu au moyo. Na wajawazito. Nikamwambia basi ampime Mama, ndiye wa kuogopewa. Akageuka kumtazama Mama, amekaa wima kwenye benchi, barakoa mpaka machoni.

"Mama yako anaendelea vizuri," akasema. "Wewe ndiye unayenitisha."

Wamenianzishia dawa ya virusi, wakanilaza. Kasema ningepaswa kuja mapema.

Ijumaa, 18 Julai

Oksijeni inakausha pua. Naandika kidogo kidogo. Mtoto kanipiga teke alfajiri — nikamshukuru.

Mama haruhusiwi kuingia. Nesi anasema kagoma kuondoka, kakaa nje ukutani.

Mchana

Namba za kidude zimeshuka tena. Daktari hakai mbali sasa. Kamwambia Kornel pale mlangoni kwamba huenda wakamtoa mtoto mapema, alete nguo zake, kwa tahadhari tu. Kornel kauliza nguo zipi. Hatujanunua hata moja — tulisema mwezi ujao.

Nesi kaingia na kitenge cha Mama, kimekunjwa vizuri. Mama kakifungua kiunoni, kabaki na gauni. Kasema mtoto aanzie hapo.

Wamekuja na kitanda cha magurudumu, wanipeleke chumba cha upasuaji. Wananiambia nipumue taratibu. Najitahidi, tunaji—