Ndege Isiyopita Mlangoni

Ndalambo, Jumamosi, Agosti 1974

Upepo wa leo umeamka kabla yetu. Vumbi tupu, na baridi ya kukunja vidole. Naandika nimeegemea ukuta wa nje, jua bado lipo kidogo, na mbele yangu uani imesimama Dakota yangu, ndege ya mianzi na karatasi niliyoijenga mwenyewe. Kwa miaka sita sikuwahi kuiona juani. Nimeshaizunguka mara nne kama mtu anayenunua ng'ombe.

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyonikalisha hapa na daftari.

Keshokutwa Jumatatu lori linakuja kutuhamishia kijiji kipya, kule barabarani. Kila kaya ibomoe nyumba yake, ibebe nguzo na nyasi, ikajenge upya. Balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia hayo akiangalia chini, maana naye anahama. Mama Tabu, mke wangu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba jambo moja tu: paa lake lisiguswe kabla ya Jumatatu. Kuta hizi alizikandika kwa mikono yake, na kila kiangazi huzipaka udongo mweupe. Alitaka kulala ndani mpaka usiku wa mwisho. Nikamwahidi.

Halafu nikakumbuka ndege. Jumatatu paa lingevunjwa haraka haraka lori likisubiri, na nguzo zingeiangukia humo ndani; ilibidi itoke kabla.

Niliijengea chumba cha ndani na sikuwahi kupima mlango. Mimi huyu, ninayewachosha watu kwa vipimo. Kabla ya Uhuru, nikiwa kijana, tulichukuliwa Mbeya kwa ndege kwenda migodi ya kusini. Tukiwa tunasubiri uwanjani niliipima ile Dakota kwa hatua, na kila hatua nikafunga fundo kwenye kamba, mpaka mlinzi akanifukuza. Bawa hadi bawa, mafundo thelathini na manane. Kamba hiyo nilirudi nayo kutoka migodini, pamoja na blanketi na kikohozi.

Kwa kila fundo, ndege yangu ina upana wa vidole vinne. Mbavu zake ni mianzi ya Ikinga. Ngozi yake ni karatasi za mifuko ya saruji, nimezigandisha kwa uji wa muhogo, na juu yake nimebandika zile karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara. Mimi sivuti. Nimekuwa nikiziokota Tunduma, mpaka mzee wa kanisa akanikalisha chini na kuniuliza kwa upole nimeanza lini.

Ikawa kubwa kuliko kitanda. Jana mimi na shemeji yangu, kaka yake Mama Tabu, tuliijaribu mlangoni kichwa mbele, bawa mbele, ubavu ubavu. Mkia unagota juu kila mara. Kuvunja ukuta kungeangusha paa lote, na paa nilikuwa nimeliahidi.

Kwa hiyo leo asubuhi, Mama Tabu alipokwenda kisimani, nikachukua msumeno.

Mabawa yote mawili yanashikwa na mwanzi mmoja uliopita tumboni mwa ndege. Ukishaukata, hakuna kuunga tena kukawa sawa. Nilichora alama kwa mkaa, nikaweka msumeno, nikautoa, nikauweka tena. Ndipo akaingia na ndoo kichwani.

"Unakata nini, Baba Tabu?"

"Bawa. Tutaliunga huko tuendako."

Alijua naongopa. Miaka yote hii ameiita ndege hiyo mke mwenzake, akiitania mbele ya wageni kwamba inakula karatasi na kulala chumba kizuri. Nilitegemea atacheka. Akatua ndoo, akapitisha kidole kwenye ile alama ya mkaa.

"Weka msumeno," alisema. "Mke mwenzangu hatoki kwangu akiwa kilema. Lifungueni paa leo."

Nikamkumbusha alichoomba. Akasema alichoomba ni chake na anaweza kukirudisha. Kisha akaenda mwenyewe kuchukua ngazi kwenye ghala la mahindi.

Hadi saa sita shemeji na majirani wawili walikuwa wameshafungua nyasi na fito na kuzipanga matita matita. Wakateremsha kamba. Dakota ikapanda polepole kutoka kati ya kuta nyeupe, pua juu, na ilipovuka ukuta upepo ukazikamata panga zake za mabawani zikaanza kuzunguka zenyewe, zote mbili. Balozi alikuwa amesimama njiani. Akavua kofia, akasema Jumatatu ndege itapanda juu ya mizigo yote, atapanga yeye.

Nililia. Niliwaambia ni vumbi.

Baadaye nikamkuta Mama Tabu amefagia chumba, ametandika mkeka, ameketi anatazama mbingu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikaketi karibu naye. Akaniuliza kule juu niliona nini siku ile.

Kila mtu Ndalambo anajua nilichoona: mito myembamba, tembo wadogo kama siafu, mawingu chini ya miguu. Nimekisimulia kilabuni, nimekisimulia kwa watoto wangu. Nikamtazama mwanamke aliyenipa paa lake, nikashindwa kukirudia.

"Sikuona kitu. Nilijifunika blanketi kichwani mpaka tuliposhuka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nikacheka, na kifua kikawa chepesi ajabu. Miaka yote hii nimeijenga ndege kwa sababu nilisafiri ndani ya ile ya kweli nikiwa nimefumba macho. Sikuwahi kulikiri hilo, hata kwenye daftari hili.

Alipotulia, akanigusa goti.

"Basi leo usijifunike."

Huko tuendako nitaanza na paa lake, ndege isubiri nje hata mvua zikikaribia. Ile kamba ya mafundo nimeshamkabidhi, mlango wa nyumba mpya ataupima yeye.

Jua limezama na baridi itakuwa kali. Tuna blanketi mbili. Zote nitamfunika yeye.