Baba Ana Elfu Kumi

Dada mpendwa,

Hatujambo. Bati la jikoni nimeliziba, halivuji tena.

Jana nilimsimamia binti yangu hesabu za shule. Swali lilisema: "Baba ana shilingi elfu kumi. Amenunua unga wa elfu nne. Atarudi nyumbani na shilingi ngapi?" Akaandika sifuri. Nikamfokea, "Kichwa maji! Kumi toa nne ni sifuri?"

Akanijibu taratibu, "Lakini baba, ukitoka dukani si huwa unapitia baa?"

Mama yake akainamia sufuria. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipokuandikia kwamba nimeacha pombe, nilikudanganya.

Mtoto akafuta sifuri yake, akaandika elfu sita, akafunga daftari. Ananisitiri, dada, na ana miaka tisa tu.

Mdogo wako