Msumari wa Mkate

Mahdia, 3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua? Mimi mzima, ila jua la Tunisia limenichubua pua. Mafunzo yetu ya kuwaongoza vijana wanaojitolea yanakwenda vizuri. Sharti lake ni moja: anayetaka kuwavusha vijana bahari, kwanza akaishi yeye mwenyewe kwa watu wa ng'ambo. Niko kwao Hedia, mwenzangu wa mafunzo. Nalala kitandani kwake, yeye analala sebuleni na mama yake, Bi Zohra. Septemba ni zamu yake kuja kwetu Italia, hapo Mazara. Mpokee nyumbani, Baba. Mwaliko wako usipofika kabla ya Julai, nafasi yake atapewa mwingine.

Mwanao,
Nunzia

Mazara, 11 Juni

Mwanangu Nunzia,

Marahaba. Goti ni lilelile. Niombe lolote ila hilo. Tangu mama yako atutoke sijamruhusu mtu kugusa jiko lake, hata shangazi yako, na unamjua alivyo king'ang'anizi. Bado nanunua mkate wa watu watatu, nusu inakauka. Nyumba kama hii si ya kupokea mgeni. Mwambie huyo binti anisamehe.

Baba yako

Mahdia, 19 Juni

Baba,

Salamu, na pole. Habari ya mkate sikuijua. Hedia sijamwambia, mdomo umenishinda. Nikupe na aibu yangu. Jana, mimi mjuzi wa kuheshimu desturi za watu, nilifuta meza nikatupa vipande vya mkate kwenye taka pamoja na magamba ya samaki. Bi Zohra akatia mkono, akautoa mkate, akaufuta, akaubusu, akauweka kwenye mfuko unaoning'inia msumarini nje ya mlango, mwenye mbuzi aupitie. Mtaa mzima una misumari hiyo, nami nimeipita mwezi mzima bila kuuliza!

"Kwani kwenu, binti, mkate hauna heshima?" akaniuliza, kwa upole tu.

Nikamkumbuka Mama. Mkate ukianguka aliuokota akaubusu. Nilikuwa nimesahau, Baba.

Nunzia wako

Mazara, 14 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima, goti nalo limetulia. Najua habari ya mwaliko, niliomtumia baada ya barua yako ya mkate, uliipata kwa Hedia. Sikukuandikia kwa kuwa niliogopa nitaghairi. Kafika Jumatatu, na Kiitaliano chake cha kwenye televisheni, anaongea utadhani anasoma taarifa ya habari. Nilimwandalia chakula, nikamwambia jikoni asiingie. "Sawa, Baba," akasema.

Nikikata mkate, kipande kikaniponyoka. Tukainama sote wawili, vichwa vikagongana. Yeye akawahi, akakibusu, vilevile kama mama yako. Nililia mbele ya mgeni, mtu mzima mimi. Mwambie Bi Zohra kwetu mkate una heshima, ni sisi tuliojisahau.

Baadaye akakusanya vipande vilivyobaki, akauliza, "Msumari uko wapi?" Nikamwambia hatuna, ila misumari na nyundo vimo kwenye droo ya mama yako, jikoni. Aingie akavichukue.

Baba yako