Choo cha Mashua ya Baba

Igogo, Mwanza

Kaka Iqbal,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na mwanangu Yasmin ameota jino.

Umenisisitizia tena kwamba kwenye ile mashua kuukuu ya tanga, ambayo Baba hataki kuihama, tufunge choo cha pampu ya mkono kwa sababu hakiharibiki ovyo. Kaka, nimeshafunga cha umeme, cha kubonyeza tu, chenye mpira wa kurushia maji ya kutawazia. Usinigombeze kwanza. Pampu inataka mkono mmoja usukume na mwingine ujishikilie mashua ikiyumba. Mkono wa kushoto wa Baba umepooza tangu mfungo. Alinikataza nisikwambie.

Nilidhani ule mpira ungemtosha kujisafisha kwa mkono mmoja. Jana nilipompelekea uji nikamkuta chooni, mlango ameuzuia kwa mguu.

“Usiingie, mwanangu,” akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia.

Nikabaki nje na uji wangu mpaka ukapoa. Mimi ni binti yake, siwezi kumtawaza, na mtoto wa kiume ni wewe peke yako.

Choo kinafanya kazi vizuri. Usiniulize tena habari za pampu. Njoo.

Mdogo wako,
Mwanabaraka