Jina la Hamisi Kitandani

Chaani, Jumatano, Februari 1962

Joto la leo halisemeki. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Hata kalamu inateleza mkononi.

Kazi yangu kiwandani hapa Changamwe ni kukaa langoni na daftari. Kila kibarua ana kibati chake cha shaba chenye namba. Akikionyesha asubuhi, natia alama kwenye jina lake, anaingia. Akiacha kazi, nachukua kibati na kulikata jina. Basi. Nimejisifu kwa kazi hii mpaka watu wamenichoka.

Mwaka jana Hamisi wa Bofu aliacha kazi akahamia Tanga. Sikulikata jina lake. Kibati nilimpa Karisa, shemeji yangu, kwa sababu kiwanda kilikuwa hakiandiki watu wapya, naye alikuwa anazunguka tu mtaani. Tangu hapo kila asubuhi anapita Karisa, nami natia alama kwa Hamisi. Miezi minane. Nilijiambia hakuna anayeumia.

Leo ameumia.

Karisa ameangukiwa na magunia. Alipelekwa hospitali kisiwani akiwa hajitambui. Ofisi ikafungua daftari langu, ikaona namba ya kibati chake ni ya Hamisi, ikatuma mtu avuke feri hadi Bofu kwa mama yake Hamisi.

Mimi nikatumwa hospitali na karatasi za mgonjwa. Nilimkuta yule mama amefika, buibui limemteremka mabegani, anahema. Alidhani mwanawe amerudi kutoka Tanga kimyakimya. Akamtazama aliyelala, akamtazama tena.

"Huyu si mwanangu."

Nesi akamwambia kadi imeandikwa Hamisi. Mama akanigeukia mimi mwenye karatasi. Nikainama. Wallahi sijapata kujiona mdogo namna ile.

Nilingoja anipigie kelele, na nilistahili. Badala yake alivuta shuka, akamfunika Karisa miguu, akaniuliza polepole:

"Na huyu ana mamake. Yeye ameshaambiwa?"

Nikasema nawahi kazini. Nikatoka kama mwizi.

Mamake ni mama mkwe wangu, na anaishi humu humu nyumbani. Tangu alasiri namsikia uani akiosha vyombo. Chakula cha Karisa amekifunika kwa sahani, kama kila siku. Mke wangu yuko naye, wanacheka jambo fulani. Nikifungua mdomo watakimbilia hospitali wakimlilia Karisa kwa jina lake, na kila kitu kitajulikana. Kazi itakwenda, yangu na yake. Huenda na polisi wakaja.

Ndiyo maana nimejifungia chumbani na shajara, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyevunja sahani. Najidanganya kwamba nangoja Karisa apate nafuu. Kweli ni kwamba naogopa.

Na asipopata nafuu? Atazikwa kwa jina la mtu aliye hai, na mamake angali anamfunikia chakula.

Siwezi kulificha tena. Nimejaribu, siwezi.

Mama mkwe ananiita sasa hivi kutoka uani. "Mwanangu, mbona Karisa leo amekawia?"

Nimeitika, "Naam, mama, naja."

Kesho langoni atakaa mwingine.